Unajaza sevei mtandaoni? Mambo ya kodi ya kuweka sawa kabla mwaka haujaisha

Wajaza sevei wengi, yaani wanaojibu madodoso ya mtandaoni kwa malipo, wakisikia neno kodi wanacheka, na sio bure, maana hela yenyewe ni dola mbili leo, dola tano wiki ijayo, alafu unakaa siku kibao kila dodoso linakutema katikati eti nafasi zimejaa au wewe sio mtu wanayemtafuta. Sasa na hiyo nayo mtu aitolee kodi? Ndio, karibu kila nchi inayotoza kodi ya mapato inaihesabu hiyo hela kuwa mapato na udogo wake hauifuti. Ila ukishaipigia hesabu vizuri mara nyingi unakuta kodi yenyewe ni kidogo sana au sifuri kabisa. Kinachotesa watu ni kuulizwa hii hela ilitoka wapi, iliingia lini na ilikuwa kiasi gani, wakati akaunti ya sevei imeshafungwa, pointi ziligeuzwa vocha, na vocha yenyewe ilishatumika zamani. Kwa hiyo mengi ya hapa chini ni ya kufanya mapema, kabla hujatoa hela na kabla msimu wa ritani, ile taarifa ya mapato unayoipeleka mamlaka ya kodi, haujafika.

Anza kwa kujua nchi yako inataka nini, na hapa kuwa makini maana kuna viwango vitatu tofauti ambavyo watu wanavichanganya kila siku. Kuna kiwango ambacho chini yake hudaiwi kodi. Kuna kiwango ambacho chini yake huna haja hata ya kujaza ritani. Alafu kuna kiwango ambacho chini yake kampuni iliyokulipa hailazimiki kukuripoti serikalini, na hiki cha tatu ndo kinadanganya wengi. Chukua Marekani. Kwa miaka mingi kampuni ilitakiwa kutoa fomu ya 1099 kwa mtu iliyemlipa kuanzia dola 600 kwa mwaka, na kwa malipo ya kuanzia 2026 kiwango kimepandishwa hadi dola 2,000, basi utasikia mtu anasema kwa kujiamini kabisa kwamba chini ya hapo hakuna kodi. Sio kweli. Hiyo ni kazi ya kampuni, wewe mapato yako yanahesabika toka dola ya kwanza hata kama hujaletewa fomu yoyote, na faida ya kazi za kujiajiri ikifika dola 400 kwa mwaka unatakiwa ujaze ritani na kulipa ile kodi ya waliojiajiri. Uingereza nako wana utaratibu wao, toka Aprili 2017 kuna msamaha wa pauni 1,000 kwa mwaka kwa vibiashara vidogo vya pembeni, na hiyo pauni elfu moja inapimwa kwenye jumla iliyoingia kabla hujatoa gharama, sio kwenye faida.

Hapo hapo kuna mtego mwingine. Hivyo viwango vya kudaiwa kodi na vya kujaza ritani kwa kawaida havihesabiwi kwa kila tovuti peke yake wala kwa kila kazi peke yake. Kama unajaza sevei, unauza vitu vya mitumba mtandaoni na unafanya tafsiri kidogo, vyote vinawekwa kwenye kapu moja. Mtu anaangalia tovuti tano anaona kila moja imempa kidogo, anajiona yuko salama, kumbe akijumlisha ameshavuka zamani.

Angalia pia mwaka wa kodi unaanza lini kwako, maana sio kila mahali ni Januari. Kenya, Tanzania na Marekani mtu binafsi anahesabu Januari mpaka Desemba, ila ritani Kenya na Tanzania mwisho ni tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata na Marekani ni katikati ya Aprili. Uingereza mwaka unaanza tarehe 6 Aprili na kuisha tarehe 5 Aprili. Australia ni Julai mosi hadi Juni 30. Hii ina maana kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu hela uliyoitoa siku mbili kabla ya mwaka kufungwa na ile uliyoitoa siku mbili baada ya hapo zinakwenda kwenye ritani mbili tofauti, na kama uko karibu na kiwango cha msamaha hizo siku mbili zinaweza kuamua kama unadaiwa au hudaiwi.

Kitu kingine cha kujipima mapema ni wewe mwenyewe umekaa wapi kimapato. Mwanafunzi asiye na mshahara popote na aliyeingiza dola 300 za sevei mwaka mzima, nchi nyingi hatadaiwa kitu, mapato yake yote yako chini ya kiwango. Ila mfanyakazi anayekatwa kodi kwenye mshahara kila mwezi, zile nafuu zote za chini zimeshaliwa na mshahara wake, kwa hiyo hizo dola 300 zinapanda juu kabisa ya mshahara na zinatozwa kwa asilimia ya ngazi yake ya mwisho, maana kodi inapanda kwa ngazi kadiri kipato kinavyopanda. Kama ngazi yake ni asilimia 30 basi ni dola 90. Hela ile ile, tovuti ile ile, watu wawili majibu tofauti, ndo maana ukimuuliza mwenzako "wewe ulilipa ngapi" jibu lake halikusaidii sana. Na mwenye mshahara asidhani kwamba mwajiri ameshamaliza kila kitu. Mwajiri anakata kodi ya mshahara anaoulipa yeye tu, za pembeni hazijui na hazimhusu.

Hapa niseme kuhusu ritani ya sifuri, maana kwenye nchi zinazotumia mfumo huo imekuwa tabia, mtu anaingia kwenye mtandao wa mamlaka ya mapato, anabonyeza sifuri, anatoka, anaona amemaliza. Ritani ya sifuri ni tamko kwamba mwaka mzima hukuingiza chochote. Kama uliingiza, hata kama kodi yake ingekuwa sifuri, umetamka uongo, na ni uongo wa kijinga kwa sababu ungejaza ukweli ungelipa sifuri ile ile. Kutopeleka ritani kabisa nako kuna faini zake. Kenya kwa mfano mtu binafsi akichelewa anapigwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, inayochukuliwa ni ile iliyo kubwa, kwa hiyo mwenye sevei za shilingi elfu moja anaweza kulipa faini kubwa kuliko alichoingiza.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu, na hapa naomba usiruke. Tovuti za sevei hazina huruma na historia yako. Nyingine zinafunga akaunti ghafla wakihisi umejibu haraka mno au majibu yako hayaendani, nyingine zinauzwa kwa kampuni nyingine na mfumo unabadilika, nyingine zinaonyesha malipo ya miezi michache tu nyuma. Ukitegemea kwamba utaingia siku ya ritani na kukuta kila kitu pale unacheza kamari. Fungua jedwali, iwe Eksel au hata daftari la karatasi, na kila hela ikitoka andika tarehe, tovuti, ilikuwa malipo ya nini (dodoso, bonasi ya kualika mtu, bonasi ya kujiunga), kiasi kwa sarafu ya awali, umepokelea wapi, ada iliyokatwa, bei ya kubadilisha siku hiyo, na kiasi kwa sarafu yako. Piga na skrinishoti ya ukurasa wa malipo, alafu ile barua pepe ya kuthibitisha malipo usiifute, itengenezee folda yake. Ni dakika mbili kwa kila utoaji, na kwa kuwa watu wengi wanatoa hela mara chache tu kwa mwezi sioni kisingizio.

Hiyo safu ya ada usiiunganishe na kiasi. Tuseme umelipwa dola 20 na pochi ya mtandaoni imekata dola moja ndo zikakufikia 19. Mapato yako ni 20, na ile moja ni gharama. Ukiandika 19 tu umepunguza mapato kimakosa, na nchi ambayo kiwango chake kinapimwa kwenye jumla kabla ya gharama hapo ndo utakosana nao.

Kuhusu bei ya kubadilisha fedha, chagua chanzo kimoja kinachotambulika, benki kuu ya nchi yako au viwango vinavyotolewa na mamlaka ya kodi yenyewe kama wanavitoa, na ukishachagua ukae nacho mwaka mzima. Kuna nchi zinaruhusu wastani wa mwaka, kuna zinazotaka bei ya siku ya malipo. Kuruka ruka kwenye bei inayokupendeza siku hiyo ndo kunakofanya hesabu ionekane imepikwa hata kama hukupika.

Swali ambalo linaulizwa sana ni pointi. Nina pointi elfu nane kwenye akaunti, nimeshapata mapato au bado? Kwa mtu anayehesabu kwa fedha taslimu, na wajaza sevei wengi wako huko, kinachoangaliwa kwa ujumla ni lini hela ilikuwa mkononi mwako au ilikuwa wazi kuichukua muda wowote unaotaka. Kama tovuti inataka ufikishe pointi fulani ndo utoe na wewe bado hujafika, hizo ni namba tu kwenye skrini, zinaweza kufutwa kesho. Ila kama umeshafika na unaziacha makusudi ili ziangukie mwaka ujao, hapo hoja yako inaanza kulegea, kwa sababu sheria za kodi za nchi kadhaa, Marekani ikiwemo, zinasema hela iliyowekwa tayari kwa ajili yako ni yako hata kama hujanyoosha mkono kuichukua. Pointi zilizoisha muda wake au zilizochukuliwa tena na tovuti baada ya ukaguzi kabla wewe hujazitoa, hizo usijihangaishe nazo.

Vocha nazo watu wanazionea. Eti sikulipwa hela, nilipewa kadi ya zawadi ya Amazon, kwa hiyo sio mapato. Ni mapato, kwa thamani iliyoandikwa kwenye kadi, maana uliifanyia kazi. Ukilipwa simu, muda wa maongezi au bidhaa ya kujaribu ukabaki nayo, ni hivyo hivyo kwa bei yake ya sokoni. Ukilipwa kwa sarafu za kidijitali kama Bitcoin andika thamani yake siku ile ile uliyopokea, alafu ujue ukija kuiuza baadaye kwa bei ya juu hiyo tofauti ni hesabu nyingine kabisa, na mimi binafsi kwa malipo madogo madogo naona ni kujitafutia kazi ya ziada bila sababu. Bonasi ya kualika rafiki ni mapato. Lakini kuna tovuti hizi zinazochanganya sevei na marejesho ya manunuzi, unanunua kitu kupitia kwao unarudishiwa asilimia fulani, hayo marejesho kwa kawaida yanachukuliwa kama punguzo la bei uliyolipa mwenyewe na sio mapato. Shida ni kwamba kwenye akaunti yako vyote vinaingia kama pointi zile zile, kwa hiyo usipovitenganisha kwenye jedwali lako utajikuta unalipia kodi hata punguzo lako mwenyewe.

Kwa wale wanaolipwa na kampuni za Marekani wakiwa wanaishi kwingine, kuna siku utaletewa fomu inaitwa W-8BEN ujaze kabla ya kutoa hela. Usiiogope. Ni tamko tu kwamba wewe sio raia wala mkaazi wa Marekani, unataja nchi unayoishi na mara nyingi namba yako ya mlipakodi, na inabaki kwa kampuni inayokulipa. Ukiisaini inaendelea kutumika hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka ulioisaini, taarifa zako zisipobadilika. Ni bure. Bila hiyo fomu kampuni inaweza kukukata kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hela haijakufikia, na kwa mgeni ambaye nchi yake haina makubaliano ya kodi na Marekani kiwango cha kawaida ni asilimia 30 kwa mapato yanayohesabiwa kuwa yametoka Marekani, ingawa malipo ya kazi uliyoifanya ukiwa umekaa kwako nje ya Marekani kwa kawaida hayahesabiwi hivyo. Ukikatwa kweli, dai karatasi ya kuonyesha makato, huwa ni fomu 1042-S, maana bila karatasi huwezi kwenda kwenu kuomba ile kodi ihesabiwe kama imeshalipwa pale ambapo sheria ya kwenu inaruhusu. Na kusaini W-8BEN hakumalizi kodi ya nyumbani, kunaiambia Marekani tu kwamba wewe sio wao. Bado unadaiwa unapoishi.

Hapo inakuja habari ya VPN, ile programu ya kuficha uko nchi gani, na najua wengi hamtaipenda. Kuna watu wananunua akaunti au wanajifanya wako Marekani au Uingereza kwa sababu huko madodoso ni mengi na yanalipa. Tuache kwamba tovuti ikikugundua inakula hela yako yote, upande wa kodi ndo pabaya zaidi. Akaunti ya Mmarekani inapewa W-9, sio W-8BEN, na W-9 ni tamko chini ya adhabu ya kiapo cha uongo kwamba wewe ni mtu wa Marekani na hiyo namba ya mlipakodi uliyoweka ni yako. Ikiwa namba ni ya mtu mwingine umemtengenezea huyo mtu mapato asiyoyajua na wewe umejitengenezea kesi. Na siku ukitaka kuonyesha ukweli nyumbani kwamba hii hela ni ya sevei, ushahidi wote ulionao una jina la mtu mwingine na anwani ya nchi nyingine. Hakuna jedwali litakalokuokoa hapo.

Hata ndani ya familia, akaunti moja inayotumiwa na watu watatu inahesabika ya yule mwenye jina. Kama mdogo wako anajazia kwenye akaunti yako na hela inaingia kwako, karatasi zinasema ni wewe uliyepata.

Utapeli wa kodi nao ujue kabla haujakukuta. Unaambiwa akaunti yako ina dola 480, hongera, ila ili kuzitoa tuma kwanza dola 40 za kodi, ukituma unaambiwa kuna cheti cha kuthibitisha, alafu ada ya kufungua, na inaendelea hivyo hivyo mpaka utakapochoka. Tovuti halali kama inatakiwa kukata kodi inaikata ndani ya malipo yako, inakutumia kinachobaki na karatasi ya makato. Haikuombi utoe hela mfukoni. Kodi yako wewe unailipa kwa mamlaka ya mapato kwa namba ya malipo uliyoitengeneza mwenyewe kwenye mfumo wao, hakuna kodi inayolipwa kwa meseji ya mtu wa huduma kwa wateja.

Gharama sitakaa nazo sana maana kwa sevei ni kidogo. Bando, umeme, simu, unaweza kudai itolewe kwenye mapato sehemu iliyotumika kwenye hiyo kazi tu, na uwe na namna ya kueleza umeipataje hiyo sehemu. Kudai simu nzima wakati unaitumia kupiga stori siku nzima ni kujitafutia maswali. Uingereza ukichukua ule msamaha wa pauni 1,000 huwezi tena kudai gharama, unachagua kimoja, na kwa mjaza sevei msamaha karibu siku zote ndo unashinda. Marekani nako, kama wanakuona unafanya kwa kujifurahisha tu na sio biashara, gharama huzidai kabisa ila mapato unatangaza yote, kwa hiyo usikimbilie kujiita mtu wa hobi ukidhani umepona.

Kama unapokea msaada wowote wa serikali unaopimwa kwa kipato, ruzuku ya pango la nyumba, mkopo wa wanafunzi, posho ya kukosa ajira, uliza kabla hujaanza. Huko mara nyingi unatakiwa utaje kila kinachoingia hata kama kodi hudaiwi, na kurudisha msaada uliopewa kimakosa kunauma kuliko kodi. Soma na mkataba wako wa kazi, kuna waajiri wanataka uwaambie kazi yoyote ya pembeni.

Hela ya kodi itenge pale pale unapotoa, usisubiri. Ukijua ngazi yako ni asilimia 20, kila dola kumi ziondoe mbili uziweke sehemu ambayo huigusi, mwisho wa mwaka ikionekana hudaiwi ni akiba yako. Karatasi zako zote zitunze angalau miaka mitano, Kenya na Australia wanataka hivyo, na hata sehemu zenye muda mfupi zaidi faili dogo halikuli nafasi. Utaona sasa hivi nchi nyingi zinazitaka tovuti za kazi na mauzo ya mtandaoni ziripoti wenyewe, Umoja wa Ulaya ulianza kwa mapato ya mwaka 2023 na Uingereza Januari 2024, na taarifa zinavuka mpaka kwenda nchi anakoishi mlipwaji. Sio kila tovuti ya sevei iko ndani ya hizo sheria, ila kule kusema hawatajua kunazidi kuwa hoja mbovu kila mwaka.

Na kama kuna miaka ya nyuma hukutangaza kitu, hesabu kwanza kwa kutumia taarifa za pochi yako ya mtandaoni, PayPal na wengine wanakuruhusu kupakua miamala ya miaka iliyopita, jumlisha uone kama ulivuka kiwango au la. Kama hukuvuka, weka hiyo hesabu kwenye folda uendelee. Kama ulivuka, rekebisha ritani mwenyewe kabla hawajakuandikia, sehemu nyingi aliyejipeleka anapunguziwa faini na aliyekamatwa hapunguziwi. Sasa kabla hujafanya lolote katika hayo, jaribu leo kuingia kwenye akaunti yako ya mamlaka ya mapato, maana unaweza kukuta namba ya simu waliyonayo ni ya laini uliyoitupa, namba za siri za kuthibitisha zinatumwa huko, na kuibadilisha kunaweza kukupeleka mpaka ofisini kwao na kitambulisho, kitu ambacho hutaki kukigundua ikiwa imebaki siku moja dedlaini ifike na mfumo umeelemewa.